Mafuta ya Mwili, Upimaji wa (Nguba, Bukavu)

Upimaji wa mafuta ya mwili ni kazi ya kutenganisha kwa hesabu sehemu mbili za uzito wa mtu, yaani mafuta yaliyohifadhiwa chini ya ngozi na kuzunguka viungo vya ndani, na uzito usio wa mafuta, ambao ni misuli, mifupa, maji na viungo vyenyewe. Mizani peke yake haiwezi kazi hiyo. Mkaaji wa Nguba, mtaa wa komine ya Ibanda mjini Bukavu, akiwa na kilo 70 ambazo asilimia 20 ni mafuta, amebeba kilo 14 za mafuta. Akishika mazoezi kwenye vilima vya mji huo ulio karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hata mafuta yakashuka hadi asilimia 16 huku misuli ikikua, mizani inaweza kuonyesha kilo 70 zilezile na kumkatisha tamaa bure, ilhali amepunguza kilo 2.8 za mafuta na kupata misuli ya uzito uleule.

Eneo la Kivu, ulipo mji wa Bukavu, limeujua udanganyifu huo wa mizani kwa njia ya uchungu zaidi. Huko Lwiro, kaskazini mwa Bukavu, ambako utapiamlo umechunguzwa kwa miongo mingi, mtoto mwenye kwashakoo huvimba maji, uzito wake ukaonekana wa kuridhisha na kumbe misuli imekwisha. Ndiyo maana mhudumu wa afya humbonyeza kwa kidole gumba upande wa juu wa miguu yote miwili, akitazama kama shimo linabaki, kisha humzungushia utepe katikati ya mkono wa juu, na kipimo kilicho chini ya milimita 115 kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59 ni dalili ya utapiamlo mkali.

Kwa watu wazima, njia ya kale ya maabara ni kumpima mtu akiwa amezama majini, kwa kuwa mafuta ni mepesi kuliko maji na misuli ni mizito zaidi. Koleo la kupimia mikunjo ya ngozi ni rahisi kupatikana, lakini milinganyo yake mashuhuri, ile ya Durnin na Womersley ya mwaka 1974, ilitokana na watu waliopimwa Glasgow, kwa hiyo asilimia inayotolewa kwa Mwafrika ichukuliwe kwa tahadhari. Mizani ya umeme hupitisha mkondo hafifu unaopita kwa urahisi penye maji na kwa shida penye mafuta. Aliyetoka jasho akipanda mlima bila kunywa maji anaweza kuandikiwa mafuta asiyokuwa nayo.

Anayefuatilia maendeleo yake hahitaji zaidi ya utepe wa fundi cherehani, ukipitishwa kati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, pumzi ikiwa imetolewa, asubuhi kabla ya kula, na vipimo viandikwe kila baada ya wiki nne.