Umeme, Ngurumo na Radi: Maneno Matatu katika Historia ya Pwani ya Mombasa

Mnazi uliopigwa na radi hujulikana kwa mbali: makuti huning'inia, kilele hukauka, na shina hubaki limesimama kama nguzo. Huko Junda, katika Kisauni, msemaji hasemi kwamba mnazi huo umepigwa na ngurumo. Umeme, ngurumo na radi yamegawana kazi, na mgawanyo huo una historia yake.

Ngurumo na umeme ni maneno ya Kibantu. La kwanza latokana na kunguruma, kitenzi ambacho simba naye ana haki nacho. La pili lina nasaba na kumeta. Radi ni la Kiarabu, na huko maana yake ni ule mlio. Sura ya 13 ya Kurani imepewa jina hilo, na katika aya zake za 12 na 13 vimetajwa vitu vitatu mbalimbali: barq, yaani mwangaza, raad, yaani mlio, na sawaiq, mapigo yashukayo. Kiswahili kilikuwa na maneno yake ya mwangaza na mlio. Yaelekea pengo lilikuwa katika pigo, na hapo ndipo neno geni lilipotiwa. Wanaodai kwamba Waswahili walikopa neno hilo kwa makosa hawana budi kueleza kwa nini kosa hilo liliangukia mahali palipokuwa wazi.

Elimu ya anga inaafikiana na mgawanyo huu. Ndani ya wingu refu vipande vya barafu hugongana, chaji zikatengana. Cheche itokeayo huipasha hewa joto la nyuzi 30,000 hivi za Selsiasi. Hewa hupanuka ghafla, na mpanuko huo ndio ngurumo. Sauti huchukua sekunde 3 hivi kwenda kilomita 1. Basi aliyehesabu sekunde 9 baina ya umeme na ngurumo yu umbali wa kilomita 3 kutoka kwenye pigo.

Neno umeme lilipata mzigo wa pili katika karne ya 20. Kampuni ya kuuza nguvu hizo iliundwa Mombasa mwaka 1908, lakini usemi wa mjini ulishika stima, neno la mvuke na meli. Tanzania ikashika umeme.

Idara ya hali ya hewa ya Afrika Mashariki ilipovunjika pamoja na Jumuiya mwaka 1977, kila nchi ilibaki na utabiri wake. Mfasiri wa tangazo, akiwa na neno moja la Kiingereza lililobeba mvua, mlio na pigo kwa pamoja, huandika mvua ya ngurumo. Kwa wakazi wa kando ya Ziwa Viktoria, ambako pepo za nchi kavu hukutana usiku juu ya maji na kuzusha dhoruba mara kwa mara, maneno hayo yatosha. Mvuvi aliye katika hori ya Tudor, ambako dhoruba za namna hiyo ni chache zaidi, husikia kwamba kutakuwa na kelele. Lililopaswa kumfikia ni radi.