Kamba, Ukambaa na Ugwe: Historia Iliyomo Katika Msamiati

Methali isemayo "Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa" hutajwa mara kwa mara, lakini maana yake ya asili inafifia. Kwa msemaji ambaye kila kitu cha kufungia hukiita kamba, methali hiyo ni fumbo. Kwa watu wa pwani waliovisuka vyote viwili, ilikuwa hukumu ya fundi: ukambaa ulisukwa kwa majani ya miyaa, na kamba ilisokotwa kwa makumbi ya nazi, ambayo hata yakichakaa huushinda ukambaa mpya kwa nguvu.

Tofauti hiyo ilikuwa na uzito mkubwa baharini. Katika karne ya 1, mwandishi wa Kiyunani wa Periplus alieleza kuwa jina la mji wa Rhapta lilitokana na mashua zilizoshonwa. Mtepe wa visiwa vya Lamu uliendeleza ufundi wa namna hiyo hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Makumbi yalilowekwa kwa miezi, yakapondwa, nyuzi zake zikasokotwa, na kwa kamba hizo mbao zikashonwa pasipo misumari. Kamba ikioza, mbao ziliachana na watu wakazama.

Aidha, chomboni kila kamba ilikuwa na jina kwa kadiri ya kazi yake: amari ya nanga, henza ya kupandishia foromali, demani ya kuongozea tanga. Nchi kavu kulikuwa na ugwe, neno la asili ya Kibantu ambalo Wachewa hulitamka chingwe.

Mnamo 1893 Richard Hindorf aliingiza mkonge katika nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika. Kamba za katani zikaenea, kisha zikafuatwa na za nailoni, na zote zikaitwa kamba. Majina ya zamani yakasalia bila vitu vyake.

Kwa hiyo kamusi inayotosheka kuandika "aina ya kamba" mbele ya kila neno la jamii hii huhifadhi neno na kuitupa historia yake. Yapasa ielezwe kila kamba ilitengenezwa kwa nini, ilisukwaje na ilifanya kazi gani. Wanawake wa Unguja wangali wakisokota makumbi. Maelezo yao ni ushahidi unaostahili kuandikwa mapema.