Hedifoni: Chombo na Pambo

Katika vitu vyote ambavyo mwanadamu huvaa mwilini, ni vichache vilivyo na tabia ngeni kama hedifoni. Nguo husitiri, nayo huonwa. Saa hutazamwa na mwenyewe, na jirani akiitazama si neno. Lakini hedifoni, yaani vile visikilizio viwili vinavyofunika masikio au kutiwa tunduni mwake, kazi yake haijulikani kabisa kwa mtu mwingine. Sauti yote humwishia aliyezivaa. Anayeketi ubavuni pake huona umbo, rangi na jina la mtengenezaji, wala hana habari kama ndani mwake mnaimba kinanda au mnakoroma chura. Kwa hiyo chombo hiki kina sifa mbili ambazo si lazima zikutane: sifa ya sikio, ambayo ni siri ya mtu mmoja, na sifa ya jicho, ambayo ni ya hadhara. Historia yake, ambayo napenda uisome nami kidogo, ni historia ya sifa hizo mbili zikifukuzana.

Hapo mwanzo jicho halikuwa na la kusema. Katika maonyesho ya umeme yaliyofanywa Paris mwaka 1881, Clément Ader aliunganisha jumba la Opera na ukumbi wa maonyesho kwa nyaya za simu. Watu walipanga mstari ili wasikilize waimbaji wasiowaona, kila mmoja ameshika visikilizio viwili, kimoja kwa kila sikio. Walistaajabu, na walikuwa na haki ya kustaajabu. Lakini hapana aliyetamani kutembea barabarani na vitu vile. Vilikuwa viungo vya simu, basi.

Mtu aliyekitengeneza chombo hiki kwa sura tunayoijua ni Nathaniel Baldwin wa Utah, Marekani. Mwaka 1910 alilipelekea Jeshi la Wanamaji la Marekani jozi ya hedifoni alizoziunda kwa mikono yake. Zama zile meli zilianza kuzungumza kwa simu ya upepo, na mpokeaji alihitaji kutambua milio hafifu kabisa iliyotoka mbali, katikati ya mkwaruzo na mvumo wa hewa. Sikio likikosa mlio mmoja, neno zima hupotea, na pengine meli pamoja nalo. Wanamaji walizijaribu hedifoni za Baldwin, wakaona zinashinda zile walizokuwa nazo kwa mbali sana. Walipomwandikia kuagiza nyingine, aliwajibu kwamba hawezi kutengeneza zaidi ya kumi kwa mara moja, kwa kuwa karakana yake ilikuwa ni jiko la nyumbani kwake.

Wanamaji walikuwa na lalamiko moja tu: upinde wa kichwani uliwaumiza. Baldwin akaubadili, akatumia nyuzi mbili za chuma zilizovikwa ngozi, na visikilizio vikaweza kupanda na kushuka kwa kadiri ya kichwa cha mvaaji. Akashauriwa achukue hataza, ile hati ya serikali inayomhifadhia mvumbuzi haki ya uvumbuzi wake. Alikataa, akiona upinde ule ni jambo dogo mno, lisilostahili hati. Mimi kila nikisoma habari hii huwaza jinsi mtu yule alivyohesabu thamani. Kwake yeye uvumbuzi ulikuwa ndani, penye sumaku na kiwambo, mahali sauti inapozaliwa. Kilichokuwa nje hakikuwa kitu. Wafanyabiashara waliokuja baada yake walipata mali kubwa kwa kufikiri kinyume chake. Kampuni ya Baldwin mwenyewe ilifilisika mwaka 1924.

Kwa miaka mingi baada ya hapo hedifoni zilibaki kuwa vyombo vya kazi, vya wapokea simu, marubani na mafundi wa redio. Mabadiliko yalikuja mwaka 1958 katika mji wa Milwaukee. John Koss, ambaye hapo nyuma alikuwa na biashara ya kukodisha televisheni kwa wagonjwa hospitalini, alikuwa ameunda gramafoni ya kubebeka pamoja na mwenzake Martin Lange. Wakaongeza hedifoni ili mtu aweze kusikiliza peke yake, na humo sauti ikagawanyika kushoto na kulia kwa namna ambayo wengi hawakupata kuisikia. Katika maonyesho ya vyombo vya muziki ya mji huo, gramafoni yenyewe haikuvuta watu sana. Hedifoni ndizo zilizogombaniwa.

Bidhaa ikisha kupendwa, haikawii kupambwa. Mwaka 1966 kampuni hiyohiyo ya Koss ilitoa hedifoni zilizobandikwa picha za wale vijana wanne wa Liverpool, Beatles, waliokuwa wakivuma dunia nzima. Nakuomba uutie alama mwaka huo. Picha ya mwimbaji haiongezi kitu katika mwendo wa kiwambo. Sauti haipiti pale ilipobandikwa. Lakini mnunuzi aliongezewa kitu, nacho ni kuonekana kuwa mmoja wa kundi fulani.

Usidhani kwamba tangu hapo sikio lilishindwa. Mwaka 1968 kampuni ya Sennheiser ya Ujerumani ilitoa hedifoni iitwayo HD 414. Wahandisi wake waliacha desturi ya kuziba sikio kwa bakuli zito. Waliacha nyuma ya kiwambo wazi, ili hewa ipite na sauti isigonge ukuta na kurudi. Aliyezivaa alisikia muziki kama unaopigwa chumbani, wala si ndani ya mtungi. Zilikuwa nyepesi, na sifongo zake zilikuwa za manjano kali, hata mtu alizitambua kutoka upande wa pili wa barabara. Ziliuzwa zaidi ya milioni 10. Hapo sikio na jicho vilikula sahani moja, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Kisha hedifoni zikatoka nyumbani. Tarehe 1 Julai 1979 kampuni ya Sony ilianza kuuza Walkman huko Japani, mashine ndogo ya kanda iliyobebwa kiunoni, pamoja na hedifoni nyepesi mno zenye sifongo za rangi ya machungwa. Muziki ukaweza kutembea mjini bila ya kumsumbua mpita njia, na mpita njia akaweza kutambua kwamba huyu anayepita anao muziki. Mwaka 2001 Apple ikaleta iPod yake na visikilizio vyake vyeupe. Vya wengine aghalabu vilikuwa na waya mweusi, na kwa sababu hiyo tu waya mweupe ukawa bendera. Matangazo ya kampuni hiyo yaliyofuata yalionyesha vivuli vyeusi vya watu wakicheza, wasio na sura wala jina, na kitu kimoja cheupe kinachoning'inia kutoka masikioni. Kwa ubora wa sauti visikilizio vile vilikuwa vya kawaida tu. Wapenzi wa muziki walivilaumu kwamba sauti yake ni nyembamba na haikai vizuri masikioni.

Ni katika lawama hiyo ndipo mgogoro mkubwa wa zama zetu ulipozaliwa. Mwaka 2006 mwanamuziki Dr. Dre na Jimmy Iovine, mkuu wa kampuni ya kurekodi muziki, walianzisha kampuni ya Beats. Hoja yao, ajabu ni hii, ilikuwa hoja ya sauti: kwamba wasanii hutoka jasho studioni, kisha kazi yao huharibiwa na visikilizio duni. Mwaka 2008 walitoa hedifoni zao za kwanza, kubwa, zinazong'aa, zenye herufi moja ya b katika duara, kwa bei ya dola 350 hivi. Mwaka huohuo mchezaji LeBron James aliwagawia wenzake wa timu ya Marekani iliyokwenda katika Michezo ya Olimpiki ya Beijing, na picha zao wakiwa wamezivaa zikaenea kila mahali. Kufikia mwaka 2013, zaidi ya nusu ya fedha ambazo Wamarekani walitumia kununua hedifoni za bei ya zaidi ya dola 100 zilikwenda kwa kampuni hii. Mwaka 2014 Apple ikainunua kwa dola bilioni 3.

Nguvu ya herufi ile utaipima kwa jambo moja. Mwezi wa Oktoba 2014 Colin Kaepernick, mchezaji wa mpira wa Kimarekani, alitozwa faini ya dola 10,000 kwa kuwa alivaa Beats mbele ya waandishi wa habari, ilhali ligi yake ilikuwa na mkataba na kampuni nyingine, Bose. Hapana aliyeuliza alikuwa akisikiliza nini. Yamkini hakuwa akisikiliza chochote.

Wapenzi wa sauti walikasirika. Wao ni watu wanaoweza kukaa usiku kucha wakilinganisha hedifoni mbili kwa wimbo mmoja, na walisema kwamba besi ya Beats za kwanza ilikuwa imevimba kupita kiasi, ikiwafunika waimbaji kama ngoma inayopigwa mbele ya mlango wa chumba cha mazungumzo. Walisema pia kwamba mnunuzi analipia jina. Kwa sehemu kubwa nakubaliana nao. Walakini wao nao jicho limewashinda mara nyingi. Mwaka 2015 mhandisi mmoja wa Marekani alifungua hedifoni zenye alama ya Beats, akakuta vipande vya chuma ambavyo, kwa maoni yake, viliwekwa ili kuongeza uzito tu, kwani mkono hudhani kizito ndicho bora. Habari ikaenea na wakosoaji wakafurahi. Baadaye ikagunduliwa kwamba hedifoni alizozifungua zilikuwa bandia. Akatafuta za kweli, akazifungua nazo, na vyuma vilikuwamo vilevile. Kwa hiyo hoja yake haikuanguka. Lakini tazama, hata mtaalamu mwenye bisibisi mkononi alidanganywa na herufi moja.

Tena wapenzi wa sauti wana mapambo yao. Mwaka 1991 Sennheiser ilitengeneza hedifoni iitwayo Orpheus, jozi 300 hivi tu, ambayo bei yake ilitosha kununua gari. Wako wanaonunua nyaya za fedha kwa hedifoni zao na kuapa kwamba wanasikia tofauti. Hao hawavai mabango ya wachezaji, ni kweli. Lakini bei kubwa, jina la kigeni na kisanduku cha mbao huwafanyia kazi ileile ambayo herufi nyekundu humfanyia kijana wa mjini.

Nani basi aamue? Wahandisi wa kampuni ya Harman ya Marekani walijibu swali hilo kwa njia nyepesi kuliko ubishi wote: waliliondoa jicho. Mwaka 1994 Floyd Toole na Sean Olive waliwapa wafanyakazi 40 wa kampuni hiyo spika wazipe alama, kwanza bila ya kuziona, kisha wakizitazama. Matokeo yalibadilika. Spika zile kubwa za kupendeza zilipanda alama zilipoonekana. Ile ndogo ya bei rahisi ikashuka. Spika zilikuwa zilezile, na masikio yalikuwa yaleyale ya watu wanaoijua kazi yao.

Miaka 20 baadaye Olive na wenzake walifanya uchunguzi wa namna hiyo kwa hedifoni, wakawasikilizisha zaidi ya watu 200 wa Marekani, Kanada, Ujerumani na China. Vijana walipenda besi zaidi kidogo kuliko wazee. Zaidi ya hayo, watu wa nchi mbalimbali, wajuzi na wasio wajuzi, walipendelea sauti inayofanana: isiyovimba upande mmoja wala kukonda upande wa pili. Na mwaka 2017 Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya hedifoni 283; akatafuta uhusiano kati ya bei na mpangilio wa sauti zake nzito na nyembamba, asiuone. Yapasa niongeze, kwa haki, kwamba Beats wenyewe walijirekebisha: Solo2 ya mwaka 2014 ilisifiwa na baadhi ya wapimaji waliokuwa wakizikosoa zile za kwanza. Nazo Koss Porta Pro, zilizotolewa mwaka 1984, zenye sura ya kitu kilichookotwa karakanani, zingali zikitengenezwa kwa bei ndogo na kupendwa na watu wenye vyombo vya bei mara kumi yake.

Haya yote yasingekuhusu wewe kama yangekuwa ugomvi wa matajiri wa ng'ambo. Lakini herufi ile ile imejaa katika mitaa ya Nairobi, kwa bei isiyotosha kununua hata mkoba wa hedifoni za kweli, na najua wanafunzi ambao wamejinyima chakula cha dukani kwa muhula mzima ili waipate. Kama nawe unanuia kununua, fanya kwanza kama walivyofanya wale wa Harman. Mwite mwenzako, umpe jozi mbili. Ujifunge leso machoni. Yeye akushikizie masikioni, usizipapase kwa mkono, wala asikutajie majina. Wimbo uwe mmoja, unaoujua vizuri, wenye mwimbaji na ngoma na zeze. Na sauti zote mbili ziwe na nguvu sawa, kwa maana inayopiga juu zaidi huonekana bora kwa muda mfupi hata kama ni mbovu. Sikiliza mara tatu. Kisha mwambie mwenzako aandike jibu lako kwenye karatasi kabla hujaifungua leso.