Nani Huamua Kuwa Kibonzo Kimeudhi? Serena Williams katika Gazeti la Melbourne, 2018–2019

Tarehe 8 Septemba 2018, jijini New York, Naomi Osaka alimshinda Serena Williams 6-2, 6-4 katika fainali ya US Open. Mwamuzi Carlos Ramos alikuwa amemwadhibu Williams mara tatu: kwa maelekezo ya kocha kutoka jukwaani, kwa kuvunja raketi, na kwa kumwita yeye mwamuzi mwizi. Siku mbili baadaye gazeti la Herald Sun la Melbourne lilichapisha kibonzo cha Mark Knight. Williams anarukaruka juu ya raketi, midomo imevimbishwa, pua imetandazwa, nywele zimetimka. Chini pana chuchu bandia ya kunyamazishia mtoto. Nyuma, mwamuzi anamsihi mpinzani amwache tu ashinde. Osaka, ambaye mama yake ni Mjapani na baba yake Mhaiti, amechorwa mwembamba mwenye nywele za rangi ya dhahabu.

Knight alijitetea kuwa alichora mwenendo wa mchezaji, wala hakuchora rangi yake. Gazeti lilimuunga mkono na kukichapisha tena kibonzo hicho katika ukurasa wa kwanza. Waandishi wa habari weusi wa Marekani walikilaani kupitia chama chao cha kitaifa. Mjadala ukanasa kwenye nia, na nia, kwa maoni yangu, haitufikishi mbali, kwani mistari ya kalamu ina historia isiyomngoja mchoraji aikusudie. Sura ile ilijengwa kwenye majukwaa ya Marekani tangu miaka ya 1830, Thomas D. Rice alipojipaka masizi na kuigiza “Jim Crow”. Vikundi vya maigizo ya aina hiyo vilizuru Australia katika karne hiyohiyo ya 19. Hoja kwamba hayo ni mambo ya Wamarekani, yasiyojulikana Melbourne, haina mashiko.

Februari 2019 Baraza la Habari la Australia liliamua kwamba kanuni zake hazikuvunjwa. Lilikiri kuwa wapo waliochukizwa, lakini likakubali maelezo kwamba mchoro ulitumia utiaji chumvi unaofahamika kwa wasomaji wengi wa Australia. Hapa ndipo penye kiini cha suala: kipimo kilikuwa msomaji wa kundi kubwa. Katika nchi hiyohiyo, Sheria ya Ubaguzi wa Rangi ya 1975, kupitia kifungu cha 18C kilichoongezwa 1995, imefasiriwa na mahakama kwa kipimo kingine: mtu mwenye busara wa kundi linalolengwa angeathirikaje? Kifungu cha 18D nacho hukinga kazi ya sanaa iliyofanywa kwa busara na kwa nia njema. Kipimo hiki nacho kina ugumu wake, maana jamii haisemi kwa kinywa kimoja. Mwaka 2016 kibonzo cha Bill Leak kuhusu baba wa Kiaborijini kilizua malalamiko kwa kifungu hicho. Malalamiko yaliondolewa, na swali likabaki bila hukumu.

Ukanda wetu una mfano mzito zaidi, ambao haulingani na wa Melbourne kwa uovu. Katika kesi ya vyombo vya habari iliyohukumiwa Arusha tarehe 3 Desemba 2003, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilichunguza, pamoja na mengine, jalada la Kangura lenye mchoro wa panga. Jalada kama hilo halisomeki nje ya Rwanda ya wakati wake.

Kwa watunga sera, tatizo huanzia kwenye kitenzi. Kifungu cha 18C kina vitenzi vinne, ambavyo kwa Kiswahili ni kuudhi, kutukana, kudhalilisha na kutisha. “Kuudhi” hutazama moyo wa msomaji. “Kudhalilisha” hutazama hadhi ya aliyechorwa, hata kama yeye mwenyewe amecheka. Kanuni inayotaja “kuudhi” peke yake, bila kusema ni msomaji yupi, humwachia mhariri amchague, naye kwa kawaida humchagua mnunuzi wa gazeti lake.