Jina la Maalik: Maana Yake na Hukmu ya Kumwita Mtoto

AlhamduliLlaah. Wazazi wengi hulipenda jina la Malik kwa kuwa ni fupi, lina uzito, na hufasiriwa "mfalme". Hapo huzuka suali nyumbani: vipi mtoto aitwe kwa Jina la Allaah?

Kwanza, haya ni majina mawili. Maalik (مالك), kwa kuvuta "a" ya mwanzo, ni mwenye kumiliki. Malik (ملك), bila ya kuvuta, ndiye mfalme. Sisi huyaandika yote namna moja, na katika cheti cha kuzaliwa tofauti haionekani.

Lililozoeleka kwa watu tangu zamani ni la kuvuta. Waliitwa hivyo Maswahaba Maalik bin Al-Huwayrith na Maalik bin Sinaan, baba yake Abu Sa'iyd Al-Khudriy, aliyeuawa shahidi Uhud. Mtume (Swalla Allaahu 'alayhi wa sallam) hakuwabadilishia, ilhali Barrah alimwita Zaynab kwa kuwa jina lile lilikuwa la kujitakasa. Ndilo pia jina la Imaam Maalik bin Anas wa Madiynah, aliyefariki mwaka 179 H, mwalimu wa Imaam Ash-Shaafi'iy tunayemfuata wengi wetu visiwani.

Ama la "mfalme", Qur-aan imelitumia kwa mtawala wa Misri katika Suwrat Yuwsuf, na kwa Twaaluut katika Al-Baqarah. Kwa hiyo neno lenyewe si haramu kwa mwanaadamu. Lisilofaa ni Al-Malik, kwa "Al", maana hilo ni la Allaah peke Yake. Anayelipenda amwite mwanawe 'Abdul-Malik. Na asimkatie jina! Sisi tuna mtindo wa kukata, hata 'Abdallah akawa Dula.

Lililo kali kabisa ni Malikul-Amlaak, mfalme wa wafalme. Katika Hadiyth ya Abu Hurayrah iliyopokewa na Al-Bukhaariy na Muslim, hilo limetajwa kuwa jina dhalili mno mbele ya Allaah, na Sufyaan akaeleza kuwa ni mfano wa Shaahaan Shaah. Hilo halifai hata kwa lakabu ya mzaha.

Wapo wanaoliogopa Maalik kwa kuwa mlinzi wa Jahannam ametajwa kwa jina hilo katika Az-Zukhruf (43:77). Hofu hiyo haina msingi. Maswahaba waliitwa hivyo na hawakuona tabu.

Anayemwita mwanawe Maalik, basi siku ya kuandikisha aandike "a" mbili, na bibi na majirani wafundishwe kuvuta.

WaLlaahu A'lam.