Wakili asiyechoka

Katika mahakama zetu za Tanzania, uchovu wa wakili si sababu. Anayetaka kukata rufaa Mahakama ya Rufani katika shauri la madai ana siku 30 za kuwasilisha notisi, kisha siku 60 za kuleta kumbukumbu za rufaa. Wakili akiacha siku zikapita, mteja hurudi kuomba aongezewe muda, na jibu analopewa halijabadilika sana kwa miongo. Kwenye shauri la Calico Textile Industries la mwaka 1983, wakili kutoiangalia sheria vizuri hakukuhesabiwa kuwa sababu ya kutosha. Umoja Garage dhidi ya National Bank of Commerce, lililochapishwa mwaka 1997, lilifuata msimamo huo huo. Tunayanukuu mashauri haya mawili mara kwa mara, na aghalabu dhidi ya wenzetu. Sijapata kumsikia mtu akiuliza, mle mahakamani, yule wakili wa mwanzo alikuwa na hali gani siku zile alizozembea.

Nimefanya kazi hii Moshi kwa miaka mingi, na naamini swali hilo ni la maadili kabla halijawa la afya. Mteja anapolipa ada, analipia akili ya mtu: kumbukumbu zake, uamuzi wake, uwezo wake wa kusikiliza bila kukimbilia jibu. Akili hiyo ikidhoofika, umahiri, bidii, utunzaji wa fedha za wateja na usiri vinabaki maneno ya kwenye kanuni. Kwa nini basi tumekaa muda mrefu hivi bila kuuliza? Sehemu ya jibu imo katika namna kazi hii ilivyotufikia.

Uwakili wa mahakama hizi ulikuja na Waingereza, na kwa miaka mingi waliouendesha ni Wazungu na Waasia. Law Society of Kenya iliundwa kwa sheria mwaka 1949, Tanganyika Law Society mwaka 1954. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961, ndani ya jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kitivo chake cha kwanza kilikuwa cha sheria. Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo alikuwemo Julie Manning, aliyekuja kuwa Waziri wa Sheria mwaka 1975. Kizazi kile kilipokea joho na kola nyeupe, na pamoja navyo kikapokea sura ya wakili ambaye hatikisiki, hasahau, haumwi. Hakuna kanuni iliyoandika sharti hilo, lakini kila aliyeapishwa amelikuta linamsubiri.

Sura hiyo ilikuwa na kazi yake. Tumtazame Clement Argwings-Kodhek, Mwafrika wa kwanza kuwa wakili nchini Kenya. Alirudi kutoka Uingereza na sifa kamili, akapewa nafasi serikalini kwa theluthi ya mshahara wa Mzungu. Akaikataa, akafungua ofisi yake Nairobi. Oktoba 1952 Hali ya Hatari ikatangazwa, na yeye akawa anawatetea watu walioshtakiwa kwa Mau Mau, mpaka walowezi wakampa jina la wakili wa Mau Mau. Mtu aliyekamatwa na risasi tu mfukoni angeweza kunyongwa. Kwenye kesi za mauaji ya Lari ya Machi 1953 washtakiwa waliletwa kwa makundi, kila mmoja na namba shingoni. Hadi mwisho wa Hali ya Hatari, watu 1,090 walikuwa wamenyongwa kwa hukumu za mahakama.

Kesi ya Kapenguria, ya walioshtakiwa kuwa viongozi wa Mau Mau, ndiyo inayokumbukwa zaidi. D. N. Pritt alitoka London, Dudley Thompson alivuka kutoka Tanganyika, H. O. Davies alitoka Nigeria, Chaman Lall alitoka India. Wa Nairobi walikuwa Fitz de Souza, Achhroo Kapila na Jaswant Singh. Kiongozi wao, Pritt, alilala Kitale akawa anasafiri kwenda na kurudi, na katikati ya kesi akashtakiwa yeye mwenyewe kwa kuidharau mahakama, akaachiwa. Vitabu vimeusifu ujasiri wao na mimi nausifu. Lakini mbali na Kapenguria kulikuwa na mawakili waliopewa majalada ya kunyongwa kwa malipo madogo, moja baada ya jingine. Aliyempoteza mteja Jumatatu alipaswa kusimama Jumanne kumtetea mwingine kwa akili ile ile, na alipaswa kufanya hivyo kwa maadili, kwa sababu wakili hachagui mshtakiwa kwa kupenda au kuchukia. Wajibu ule ule uliowafanya kuwa watu wa heshima ndio uliowazidishia mzigo.

Wajibu wa usiri ndio mzito kuliko wote. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa akipangiwa na mahakama kesi za mauaji, zile ambazo serikali hulipa fedha kidogo kwa sababu mshtakiwa hana kitu. Kikao cha Mahakama Kuu kilipokaribia, alikwenda gereza la Karanga na daftari lenye jalada gumu, akawasikiliza washtakiwa mmoja mmoja, akarudi ofisini jioni kuandika. Ukurasa wa kushoto aliandika maneno ya mshtakiwa, wa kulia maswali ya kumhoji shahidi. Kikao kikiisha, daftari lilifungiwa kwenye kabati la chuma na ufunguo akaufunga kwenye mnyororo wa saa. Siku moja nilimuuliza, “Mzee, ukirudi nyumbani mama unamwambia nini?” Akanijibu, “Mwanangu, mke wangu hajui hata jina la mtu mmoja niliyemtetea.”

Alisema hivyo kwa fahari, na alistahili. Siri ya mteja si ya kumwambia mke, wala padri, wala rafiki wa baraza la kahawa. Ila nimeliwazia jibu lile kwa miaka. Mtu aliyekaa mbele ya picha za maiti na maelezo ya ungamo, akayabeba yote miaka thelathini bila pa kuyatua, tumemwachia nini? Wengi tunajua jibu: pombe. Wakili aliyenuka pombe saa tatu asubuhi tulimstahi, tukamwombea ahirisho, tukamwita msomi kama kawaida. Tulidhani tunamlinda. Mteja wake alikuwa rumande.

Wamarekani walianza kulishughulikia jambo hili mapema kuliko sisi, na waliolianza hawakuwa wakuu wa chama. Kanuni za maadili za American Bar Association za mwaka 1908 zilihangaika na ada, matangazo na adabu mbele ya jaji. Kanuni mpya za mwaka 1969 ndizo zilizosema kwamba wakili ambaye hali yake ya mwili au akili inamzuia kuifanya kazi sawasawa anapaswa kujitoa, na kanuni za mwaka 1983 zikalirudia agizo hilo. Wakati huo huo mawakili walioacha pombe kwa njia ya Alcoholics Anonymous walikuwa wameanza kukutana wenyewe kwa wenyewe. Kikundi cha Minnesota kilianza mwaka 1976. Walimfuata mwenzao nyumbani au ofisini, wakakaa naye, wakachukua majalada yake ili wateja wasiumie. Mwaka 1988 chama kikaunda tume ya kuwasaidia.

Hapo wakagonga mwamba wa kimaadili. Kanuni zilimtaka wakili anayejua uovu wa mwenzake autolee taarifa. Sasa nani angekwenda kuomba msaada kwa mtu mwenye wajibu wa kumshtaki? Mwaka 1991 kanuni ikarekebishwa: alichokisikia wakili ndani ya mpango wa msaada uliokubaliwa hakimlazimishi kuripoti. Kwa hukumu yangu, hiyo ndiyo hatua kubwa kuliko zote katika historia hii. Usiri ambao wakili amempa mteja kwa karne nyingi, hatimaye alipewa yeye mwenyewe.

Mambo hayakuisha hapo. Utafiti wa mwaka 2016 uliowafikia mawakili 12,825 wa Marekani ulikuta asilimia 28 wana dalili za sonona na zaidi ya asilimia 20 wanakunywa kwa kiwango cha hatari. Hao ndio wenye mipango ya msaada.

Uingereza inafundisha upande wa pili. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya huko iliamua rufaa zilizowahusu mawakili watatu waliofanya udanganyifu wakiwa wameelemewa na kazi na afya ya akili ikiwa imeyumba. Baraza la nidhamu lilikuwa limewahurumia, likawaacha kwenye orodha ya mawakili. Mahakama ikawaondoa, ikisema msongo na mazingira ya ofisi peke yake havifuti ukosefu wa uaminifu. Wengine waliiona hukumu hiyo kuwa katili. Mimi naikubali, maana mjane ambaye fedha zake za mirathi zimechukuliwa hapunguziwi hasara kwa kuambiwa wakili wake alikuwa halali usingizi. Lakini ndiyo sababu nasema baraza la nidhamu si mahali pa kuanzia. Jalada likifika huko, mteja ameshaumia na wakili ameshapotea.

Kwetu, wakili anayetaka kuomba msaada mapema ana kikwazo cha ziada. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania bado inalihesabu jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Kenya ilikuwa hivyo hivyo hadi Mahakama Kuu ya Nairobi ilipokitangaza kifungu hicho kuwa kinyume cha Katiba Januari 2025. Wakili anaijua sheria hiyo kuliko mtu yeyote. Usiku anapozidiwa, anajua kwamba kumweleza mtu alichojaribu kukifanya ni kukiri kosa, na anayajua maneno ya hati ya mashtaka kwa kichwa.

Naiomba Tanganyika Law Society, na wenzetu wa Kenya, mambo mawili. Kanuni zitamke bila kuzunguka kwamba wakili anayekwenda kwa mwenzake kuomba msaada wa pombe au wa akili analindwa na usiri, kama mteja anavyolindwa. Na kila wakili anayefanya kazi peke yake, kama wengi wetu wa mikoani, amwandikishe mapema mwenzake atakayeyashika majalada yake akishindwa, mteja akijua na kukubali. Kwa wakuu wa ofisi, mnaowapa vijana majalada hamsini na kuwasimanga kwa tarehe moja waliyoisahau: kanuni za maadili zinawabana ninyi pia, kwa sababu jina lililo juu ya hati ni lenu. Nanyi mlioapishwa juzi, msingoje kanuni. Mtafuteni wiki hii wakili mmoja mnayemwamini, mkubaliane naye.