Istilahi ya "Mfuko wa Hewa" na Usalama wa Fundi

Msamiati wa gari katika Kiswahili umejengwa kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukopa. Ndivyo tulivyopata breki, gia na tairi. Ya pili ni kulipa neno la kale kazi mpya. Mfano bora ni usukani, neno lenye asili ya Kiarabu. Mabaharia wa pwani ya Zinga na Bagamoyo waliongoza majahazi kwa usukani kabla gari halijafika. Gari lilipokuja, neno likatoka baharini likapanda barabarani bila kupotosha maana, kwa kuwa kazi ni ile ile.

Ndani ya usukani huo sasa mmefichwa kitu ambacho jina lake halikupata bahati hiyo. Twakiita mfuko wa hewa, kwa kufuata Kiingereza neno kwa neno. Hapo mwanzo jina lilikuwa sahihi: mwaka 1953 Mmarekani John Hetrick alipewa hataza ya mfuko uliojazwa kwa hewa iliyoshindiliwa. Lakini hewa hiyo ilikawia. Baadaye wahandisi walitumia kemikali iwashwayo kwa umeme, itoayo gesi na kuujaza mfuko kabla sehemu ya kumi ya sekunde haijatimia. Kitu kilibadilika, jina likabaki.

Hapo ndipo penye hatari. Fundi asomaye "hewa" hudhani ameshika kitu kama mpira wa tairi, kumbe ameshika jamaa ya baruti. Hana budi kuzima swichi, kuondoa waya hasi wa betri, na kungoja dakika zilizotajwa na mtengenezaji, maana umeme wa akiba hukawia kuisha. Asikipime kiwashio kwa mita ya kawaida, kwani hata umeme mdogo waweza kukiwasha. Mfuko uliofunguliwa huwekwa uso wake ukiangalia juu.

Hali ya pwani yazidisha uzito wa jambo hili. Katika mifuko mingi iliyotengenezwa na kampuni ya Takata ya Japani, joto na unyevunyevu wa miaka mingi viliiharibu kemikali, ikalipuka kwa nguvu kupita kiasi na kurusha vipande vya chuma. Watu walikufa katika nchi mbalimbali, na mamilioni ya magari yakaitwa yarekebishwe. Nchi yetu hununua magari mengi yaliyokwisha kutumika Japani. Kwa hiyo habari hii yatuhusu.

Hatupendekezi kuliondoa jina lililokwisha kuenea. Mfuko na uitwe mfuko wa hewa. Lakini sehemu iujazayo, ambayo mfasiri huvutwa kuiita kijazio, yafaa iitwe kilipuzi. Kijazio chaeleza kazi tu; kilipuzi chaeleza kazi na kuonya. Mfasiri wa kitabu cha ufundi akumbuke kwamba msomaji wake ana spana mkononi.